Barua ya Vijana Niliyoigonga Muhuri

Siku nilipokabidhi ofisi ya kata, karibu vitu vyote niliviacha bila kinyongo: kabati lenye mlango mmoja, kiti kilichofungwa kwa waya, na pikipiki ambayo miaka ya mwisho niliisukuma zaidi ya nilivyoiendesha. Kitu kimoja tu kilichelewa kutoka mkononi mwangu, nacho ni muhuri. Kijana aliyekuja kushika nafasi yangu aliniona nimeung'ang'ania, akasema, "Pole, Mama Maendeleo. Najua mmezoeana." Nikacheka, nikauweka mezani. Hakujua kwamba nilikuwa nakumbuka siku nilipougonga mahali pasipo pake, nikawaharibia vijana kazi yao ya miezi mingi.

Naandika haya kwa ajili yake na wenzake wote wanaoanza kazi ya maendeleo ya jamii huku kwetu. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa havikuwa vingi. Mshahara nao sitausema, maana wenyewe haukuwa na la kusema. Nitaeleza tu jinsi nilivyojifunza kuwasaidia vijana wanaotaka kubadilisha jambo mbele ya wakubwa. Somo hilo nilifundishwa wiki ya kwanza kazini, nikalielewa nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu.

Kwetu ni Machame, lakini kazi niliianzia Sanya Juu. Nilishuka pale na sanduku moja na viatu vya kisigino, na mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu. Afisa niliyewekwa chini yake alikuwa Mzee Swai, mtu mfupi, mpole, aliyevaa tai kila siku na gambuti kila siku. Aliviangalia viatu vyangu. Alifungua kabati akatoa gambuti nyingine. "Hizi ni za mwenzako aliyehamishwa," akasema. "Alikuwa na mguu mkubwa. Jaza magazeti mbele, utazoea." Nilijaza magazeti, nikazoea.

Mkutano wangu wa kwanza nilihutubia saa nzima. Nilikuwa nimetoka chuoni na maneno yangu yote yalikuwa mapya: uwezeshaji, ushirikishwaji, uendelevu. Wakulima walinisikiliza kwa adabu, wakapiga makofi, wakaenda zao kukamua ng'ombe. Njiani Mzee Swai aliniambia nimehutubia vizuri sana. Kisha akauliza, "Sasa wale watu wanataka nini?" Nikaanza kumrudia maneno ya hotuba yangu. Hakunicheka. Aliniambia tangu siku ile nikae benchi la nyuma, karibu na akina mama wenye watoto, kwa sababu afisa anayekaa meza kuu husikia meza kuu peke yake.

Aliniambia pia niwe natembea na kalamu mbili.

"Ya kwanza ya kuandikia wewe," alisema. "Ya pili ya kumpa mtu. Atatokea mtu ana jambo lake, utaona mwandiko wake mbaya, utataka kumwandikia. Usimwandikie. Mpe kalamu."

Nilidhani ni ushauri wa mzee aliyechoka kuandika. Hata hivyo nilizibeba kalamu mbili miaka yote. Ile ya pili niliitumia kuwaazima watu wasaini daftari la mahudhurio, basi. Watu wa Kilimanjaro wana heshima nyingi, lakini kalamu ya kuazima hawairudishi. Nikaanza kuifunga uzi mwekundu ili ijulikane ni yangu, nayo haikusaidia. Kila baada ya wiki chache nilinunua nyingine na kuifunga uzi mwingine.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Kwa Sadala. Pale nilipewa kusimamia baraza la watoto la kata. Nililipenda sana, na nililisimamia vibaya. Kila mwaka tulikusanya wanafunzi ukumbini, sare zimepigwa pasi, wakaghani ngonjera kuhusu haki zao, viongozi wakapiga makofi, kila mtoto akapata soda na keki, nami nikaandika taarifa kwamba watoto wameshirikishwa. Picha zilitoka nzuri.

Mwaka wa tatu msichana mmoja wa darasa la sita alipewa kipaza sauti atoe neno la shukrani. Meza aliyosimama nyuma yake ilimfika kifuani. Akasema, "Shikamooni. Tunashukuru kwa soda. Mwaka jana tulisema choo cha wasichana shuleni kwetu hakina mlango. Naomba kuuliza, yale maneno yalifika wapi?" Diwani alimtazama mwalimu, mwalimu akanitazama mimi, na mimi sikuwa na mtu wa kumtazama.

Nilirudi ofisini nikapekua. Karatasi ya mwaka uliopita niliikuta chini ya kopo la wino, imechapwa vizuri, haijaenda popote. Mlango ulipatikana mwezi ule ule, kwa mbao za mzazi mmoja na fundi mmoja. Halikuwa jambo kubwa, ila hakuna mtu aliyekuwa amelipeleka. Nikajifunza kwamba mtoto akishasema, hapo ndipo kazi ya mtu mzima inapoanza: kupeleka, kufuatilia, na kurudi kumwambia kilichojibiwa, hata kama jibu ni hapana. Niliona aibu, nikajirekebisha, na nikadhani nimeshahitimu.

Kata yangu ya mwisho ilikuwa Kirua Vunjo. Kichagga changu cha Machame kilikuwa kichekesho kule. Nikiwasalimu akina mama, walicheka kwanza, wakaitikia baadaye, tena kwa Kiswahili, kwa kunihurumia. Wengi wao ni Wakatoliki na mimi ni Mlutheri. Waliniambia Ulutheri watanisamehe mara moja, ila Umachame unahitaji muda. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja, Mama Lyimo, migomba yake ikigusa dirisha langu, na siku ya kwanza aliniletea bakuli la mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, nikajua nitakaa.

Maji ya kijiji kile huja kwa mfongo, mfereji wa asili ambao mababu waliuchimba kutoka mtoni juu msituni hadi mashambani. Mfongo una wazee wake na taratibu zake, na taratibu zile zilikuwa zimeandikwa kuwa sheria ndogo ya kijiji. Kila mwenye kihamba, yaani ardhi ya ukoo yenye migomba na kahawa ambayo baba humwachia mwana, ana zamu yake ya maji. Asiye na kihamba hana zamu. Zamani hilo halikumuumiza mtu, kwa kuwa karibu kila mtu alikuwa na kihamba. Siku hizi vihamba vimegawanywa hadi vingine vinatosha nyumba na makaburi tu, na vijana wengi hulima mboga kwenye mashamba ya kukodi huko chini. Siku ya kusafisha mfongo waliitwa kama wengine. Siku ya maji hawakuitwa, na waliofungua wenyewe walinyang'anywa majembe.

Asubuhi moja wawili wao waliingia ofisini kwangu. Manka alikuwa na miaka ishirini na tatu, amemaliza kidato cha nne, binti pekee kati ya kaka wanne, kwa hiyo habari ya kihamba kwake ilikuwa imekwisha kabla hajazaliwa. Alikuwa amekodi robo eka na kuotesha pilipili hoho. Mwenzake, Elinami, alikuwa mpagazi wa mlimani, na wageni wakipungua alirudi kulima karoti.

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

"Mama, tumeandika barua," Manka akasema. "Tunataka iende mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya mfongo ibadilishwe."

"Ibadilishwe iweje?"

"Anayechimba apate zamu. Basi."

Barua ilikuwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, ile yenye vijumba, na chini yake majina kumi na manne, kila moja kwa mwandiko wake. Sentensi ya kwanza ilisema: "Sisi tunaochimba mfongo tunaomba na sisi tumwagilie." Kwa kweli hapakuwa na la kuongeza. Lakini mimi niliona makosa ya nukta, nikaona haina kichwa cha habari, nikaona haina kumbukumbu namba. Nikawaambia, "Niachieni. Nitaiweka sawa." Kalamu ya pili ilikuwa mfukoni mwangu wakati nasema hivyo.

Niliiweka sawa kwelikweli. Ilipotoka kwangu kichwa chake kilisomeka: "YAH: OMBI LA MAPITIO YA UTARATIBU WA MGAO WA RASILIMALI MAJI KWA KUNDI MAALUMU LA VIJANA." Majina kumi na manne yakawa kundi maalumu. Nikasaini, nikagonga muhuri. Wa kwanza ulififia, nikagonga na wa pili.

Kwenye mkutano jambo lao liliwekwa mahali ambapo mambo ya vijana huwekwa siku zote, yaani kwenye Mengineyo. Hiyo ndiyo ajenda ya mwisho, inayofika watu wakiwa wameshaanza kukung'uta majani kwenye kanga na kutafuta watoto wao. Nilisimama mimi kusoma. Manka alikuwa pembeni, mikono nyuma. Nilisoma kwa sauti nzuri.

Nilipomaliza alinyanyuka Mzee Tarimo, mzee wa mfongo, mrefu, wa miaka zaidi ya sabini, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Huyu aliujua mfongo jiwe kwa jiwe. Aliomba aione karatasi, akaishika mbali na macho.

"Huu muhuri naufahamu," akasema. "Ni wa serikali. Ndugu zangu, mambo haya huanza na barua, yakaisha na mita. Leo wanauliza zamu, kesho mfongo wa babu zenu una bili. Nani amewatuma hawa vijana?"

Watu wote waligeuka kunitazama. Jibu lilikuwa kwenye karatasi, kwa wino wa bluu, mara mbili.

Ombi lilikataliwa, na kwa hofu wakaongeza azimio kwamba asiye na kihamba asisogelee hata banio, pale maji yanapofunguliwa. Kilikuwa kiangazi. Hoho za Manka zilikauka zikiwa na maua. Nilipita pale shambani nikaziona zimeinama mstari kwa mstari, na yeye alikuwa anazing'oa moja moja na kuzipanga pembeni. Alinisalimu. Shikamoo yake ilikuwa kamili, lakini hakunyanyuka, aliitoa huku ameinama, amenipa mgongo. Kwa msichana aliyelelewa vizuri namna ile, hilo ni tusi, na nilijua nimelistahili.

Aliyeniambia ukweli ni Elinami. Alinikuta njiani siku chache baadaye, akanipokea mfuko wangu kama mpagazi alivyozoea.

"Mama, usijisikie vibaya," alianza, na nikajua inakuja. "Ila ile haikuwa barua yetu. Ulivyokuwa unasoma, hata sisi wenyewe hatukuelewa tunaomba nini. Mimi nilijua umebeba ya kijiji kingine."

"Na Manka anasemaje?"

"Manka anasema msimu mmoja bado. Akikosa maji tena, anaacha kilimo, anaenda mjini kuuza kwenye duka la shangazi yake. Hapendi. Lakini atafanyaje?"

Usingizi ulinipungua wiki ile. Sikuwa na wasiwasi wa kazi, maana taarifa yangu ya robo mwaka ilikuwa nzuri tu, imeandikwa "vijana waliwasilisha ombi." Nilikuwa nawaza kwamba wale watoto walikuja na sauti yao, nikaichukua nikaivalisha koti langu, ikapigwa kwa sababu ya koti.

Kwetu Uchaggani ukimkosea mtu sana, maneno peke yake hayatoshi. Unachuma isale, lile jani refu la mmea unaooteshwa kwenye mpaka wa kihamba, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe. Ila kwa kawaida mdogo ndiye humpelekea mkubwa, au mtu humpelekea wa rika lake. Mama wa miaka hamsini na kitu, tena afisa, kumpelekea isale binti wa ishirini na tatu, mimi sikuwahi kusikia. Mama Lyimo naye hakuwahi. Nilipomwomba jani kwenye mpaka wake alishika kiuno. "Mama Maendeleo, unataka kutuharibia watoto," alisema. Kisha akanichagulia jani lisilo na tundu.

Vijana walikuwa na desturi ya kukutana Jumapili baada ya misa kwenye ngazi za ghala la zamani la kahawa. Nilikwenda pale na isale langu. Walinyanyuka wote.

"Mama, usifanye hivyo mbele za watu," Manka alisema kwa sauti ndogo.

"Niliwakosea mbele za watu," nikamjibu. "Barua ilikuwa yenu, nikaifanya yangu. Naomba mnisamehe."

Alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza, akalitazama fundo, akawatazama wenzake.

"Isale halikataliwi," akasema. "Tumekusamehe, mama. Ila tuna masharti."

"Isale halina masharti," Elinami akamkumbusha.

"Hili linayo. Ni la serikali."

Walicheka, nikacheka nao, na mzigo ukanishuka kifuani. Masharti yenyewe waliyasema kwa kupokezana. Muhuri ubaki ofisini. Niwatafutie nakala ya sheria ndogo waisome wenyewe, kwa kuwa walikuwa wanapigana na karatasi ambayo hawajawahi kuiona. Jambo lao litoke kwenye Mengineyo. Na siku ya mkutano nikae nyuma, nisifungue mdomo.

"Hata nikiulizwa?"

"Ukiulizwa sema hujui," alisema Manka.

Wenzangu, sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Nakala ya sheria ilikuwa kabatini kwa mtendaji wa kijiji, ufunguo ulikuwa kwa karani, na karani alikuwa amejifungua na kurudi kwao mpaka arobaini ya mtoto iishe. Nilimfuata na kanga ya mtoto, nikarudi na ufunguo. Kuhusu Mengineyo, nilimwendea mwenyekiti mara tatu. Alisema vijana wakiwekwa mapema mkutano utachelewa. Nikamwambia wakiwekwa mwisho hautakuwepo. Akakubali ajenda namba tatu. Huo ndio mchango wangu wote katika jambo lile, na sijawahi kupata mahali pa kuuandika kwenye taarifa.

Yaliyobaki waliyafanya wao. Mvua zilipokuja kwa nguvu maji yalibomoa banio, na wazee wakaita watu wa kulijenga. Vijana walikuwa wameshaambiwa wasisogelee. Manka akasema waende.

"Noma," alisema Elinami. "Tuchimbe bure? Maji hatupati, na mzee mwenyewe mnoko."

"Hatuchimbi bure. Tunachimba mbele yake."

Walikwenda wote kumi na wanne. Kwa mila ya pale mwanamke hakanyagi banio lenyewe, kwa hiyo wasichana walisimama mstari chini ya mwamba mkubwa, wakapokezana mawe kutoka mtoni mkono kwa mkono, na wavulana wakayapokea juu. Mzee Tarimo alisimama na fimbo yake. Hakuwafukuza, maana mawe yalihitajika. Mzee yule hakuwahi kuandika kitu maishani mwake wala kusahau kitu.

Ukaja ubishi wa nani ataongea. Mimi nilitaka Elinami. Alikuwa mwanamume, mwenye sauti, na mama yake ni wa ukoo wa Mzee Tarimo. Nilijua wazee watamsikiliza. Nilifungua mdomo pale kwenye ngazi za ghala, nikakumbuka, nikaufunga. Elinami mwenyewe akasema, "Mimi karoti zangu zilipona kidogo. Aliyekauka ni Manka. Aongee aliyekauka." Hoja yangu ya ukoo ilionekana ndogo sana, nikashukuru sikuisema.

Siku ya mkutano nilikaa benchi la nyuma, Mama Lyimo pembeni yangu. Ajenda namba tatu ilipoitwa watu bado walikuwa wametulia. Manka alisimama na ile ile karatasi ya vijumba, niliyokuwa nimewarudishia.

"Shikamooni, wazee wangu. Shikamooni, akina mama," akasema. Akasoma. Ilichukua muda mfupi kuliko kichwa cha habari changu. Kisha akasoma na majina.

Mzee Tarimo akasimama. "Binti, nani amekutuma?"

Hapo ulimi uliniwasha. Mama Lyimo alinishika goti.

"Nimetumwa na hoho zangu, mzee," Manka akajibu. "Zilikauka."

Watu walicheka. Mzee Tarimo hakucheka.

"Na mimi naomba kukuuliza, mzee wangu, kwa ruhusa yako," Manka akaendelea. "Banio lilipobomoka, mawe yalibebwa na nani?"

Angeweza kusema hakumbuki. Hakuna aliyekuwa ameandika.

"Ninyi," akasema.

"Tulikuwa wangapi?"

"Kumi na wanne. Wasichana sita." Akaanza kuwataja, mmoja mmoja, kila jina na jina la baba yake, wala hakukosea hata moja.

"Na wenye vihamba waliokuja, mzee?"

Hapo kidogo mdomo wake ulipinda. "Tisa."

Mkutano ukalipuka kwa kicheko na manung'uniko pamoja. Yeye akawageukia watu, akasema kwa Kichagga cha kwao, haraka, nisielewe zaidi ya nusu. Nikamuuliza Mama Lyimo. "Anasema mfongo ulichimbwa kwa majembe," akaninong'oneza. "Anasema haukuchimbwa kwa vihamba."

Kisha, kwa Kiswahili, akapendekeza mwenyewe kwamba anayechimba apate zamu. Na kwa kuwa alikuwa Mzee Tarimo, aliongeza lake: asiyeonekana kwenye usafi mara mbili mfululizo, zamu yake ilale, hata kama kihamba chake kina ghorofa. Tulijua wote anawasema wale wanaokuja na magari Krismasi na kuuliza kwa nini migomba imenyauka. Baba mmoja mwenye wana wanne Dar es Salaam alipinga kwa nguvu, akaambiwa awaite waje na majembe. Mikono ikanyooshwa. Sikuihesabu, nilikuwa nalia, na sikuona haya.

Sheria ilipanda kata, ikapanda wilaya, ikakaa huko mpaka tukaisahau sura yake, ikarudi imehamishwa mkato mmoja. Kufikia hapo Manka alikuwa ameshavuna mara mbili, kwa makubaliano ya mdomo. Si kila kitu kilibadilika. Wasichana bado hawakanyagi banio. Nilimuuliza Manka kama hilo nalo watalipeleka. "Litaenda, mama," akasema. "Ila si wewe utakayetuambia lini." Nilifurahi kukaripiwa vile.

Sasa nimestaafu. Machame kuna kihamba cha kaka yangu, na kaka yangu ni mtu mwema, ana kikombe changu kabisa kabatini. Lakini ni kikombe cha mgeni. Nimebaki Kirua Vunjo, nimekodi kipande chini kidogo ya shamba la Manka, nimeotesha karoti na mchicha. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kuomba zamu ya maji. Katibu wa mfongo siku hizi ni Manka. Mzee Tarimo ndiye aliyempendekeza, akidai macho yake yamechoka kuandika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuomba zamu."

"Una kihamba?" aliuliza, na kicheko kilikuwa kinamtoka machoni.

"Sina."

"Umechimba?"

"Bado."

"Usafi ni Jumamosi. Njoo na jembe. Gambuti unazo?"

Gambuti ninazo. Jumamosi nilisimama kwenye mstari chini ya mwamba, nikapokea mawe na kuyapitisha, na mgongo wangu unanikumbusha mpaka leo. Mzee Tarimo, fimbo mkononi, aliniona kutoka juu, na kwa mzee yule kuonwa kunatosha. Kazi ilipoisha Manka alifungua daftari juu ya jiwe. Nikajisogeza, nikaanza kumtajia majina yangu matatu polepole aandike, kama nilivyozoea kutajiwa.

Hakuandika. Alinigeuzia daftari.

"Andika mwenyewe, mama," akasema, akanipa kalamu.

Nilijifuta tope kwenye sketi, nikaipokea. Ilikuwa imetafunwa mwisho, na shingoni ilikuwa na uzi mwekundu. Nilimtazama Manka, akatazama pembeni. Niliandika jina langu, nikamrudishia.